Pasi ya Emmaculate

17 Machi

Mvua imeanza leo, na Baba amegoma kula mkate.

Kilichomgomesha ni bei. Alitoka bila kuniambia, akaenda kwa Ngendo, jirani yetu mwenye duka hapo kwa kona, akaitisha mkate. Ngendo akamwambia sitini na tano. Baba akashika kichwa. Akamhutubia mama wa watu mbele ya wateja, kwa Kiingereza cha puani, kwamba mkate ni senti ishirini na mbili, kwamba dola sitini na tano ni kodi ya nyumba mwezi mzima, na kwamba yeye ni mgeni katika nchi hii lakini si mjinga. Nilipofika Ngendo alikuwa amefunika mdomo na leso, sikujua kama analia au anacheka.

"Mama Cindy, woi, mzee ameniita mwizi," akaniambia. "Na vile ameniita na heshima, hata nimeshindwa kukasirika. Ati 'Madam'!"

Naandika haya kwa sababu binti yangu Cindy amechoka na simu zangu. Anasoma chuo, amepanga chumba Kahawa Sukari, na kila nikimpigia kulalamika ananiambia, "Mum, si uandike tu? Itakusaidia." Basi naandika. Tutaona itamsaidia nani.

18 Machi

Wacha nilieleze jambo lenyewe, maana nikilieleza kwa mdomo huwa nalikoroga.

Baba yangu, Jeconia Obiero, alisomea Marekani, jimbo la Ohio, kuanzia mwaka wa sitini na sita hadi sabini. Akarudi na digrii ya kemia, akafanya kazi kiwandani hapa Thika mpaka akastaafu, na hajawahi kuhama nyumba hii ya Makongeni. Miaka mitatu iliyopita kumbukumbu zake zilianza kuliwa, na zilizoliwa kwanza ni za juzi. Akasahau kustaafu. Akasahau kiwanda. Mwaka jana akatusahau sisi watoto wake, mimi na kaka yangu Byron. Tangu Krismasi amefika mwaka wa sitini na nane na hapo ametulia. Ana miaka ishirini na tano, ana mtihani wiki ijayo, na kule nje ya dirisha ni Ohio.

Daktari wa kliniki alituambia tusibishane naye, atasumbuka bure. Kwa hivyo tumehamia Ohio pamoja naye. Mimi, fundi wa kushona yunifomu za shule, ni msaidizi wa nyumba. Mama ni Misis Hadley, mjane wa Kizungu aliyempangisha Baba chumba wakati ule. Mama ni mweusi ti, lakini hilo Baba halimsumbui.

Mama anaitwa Emmaculate. Jina hilo halitumiwi na mtu. Waluo wenzetu humwita Min Byron, yaani mama yake Byron, majirani humwita Mwalimu kwa sababu alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na Cindy humwita Dani, nyanya kwa Kijaluo. Emmaculate lilikuwa jina la Baba peke yake. Alikuwa akiliita lote, bila kulikata, hata kama anataka chumvi tu.

Mama naye ni mgonjwa. Moyo wake umepanuka, miguu imefura, na daktari akizungumza naye huniangalia mimi. Leo nikimkanda miguu aliniambia, "Perez, mimi sitaki mambo mengi. Nataka aniite jina langu mara moja, akiniangalia mimi. Baada ya hapo Mungu afanye vile anataka."

Nikamwambia chai inapoa.

20 Machi

Nimepatana na Ngendo. Baba akienda na sarafu ya shilingi ishirini, hiyo ni robo dola. Ampe mkate na chenji ya shilingi tatu, zinazobaki nitalipa mimi jioni. Leo amerudi na mkate kwapani, amefurahi, akasema kumbe maisha bado yanawezekana.

Sasa anataka maziwa yaachwe mlangoni asubuhi, kwa chupa. Hiyo Ngendo amekataa. Amesema mbwa wa Makongeni hawajasomea Ohio.

24 Machi

Mvua. Stima imepotea tangu asubuhi. Baba ameniuliza kitana kikubwa cha nywele, kile cha meno marefu, anataka nywele zake zisimame kama za vijana wenzake. Baba ana upara.

30 Machi

Byron amekuja kutoka Ruiru. Ana duka la vifaa vya ujenzi huko, ni mzee wa kanisa, na uongo humwasha mwili kama upupu. Tulikuwa tumekaa vizuri. Cindy alikuwa ameficha spika ndogo nyuma ya redio kuukuu ya Baba, nyimbo za watu weusi wa Marekani za miaka ile zinapiga, na Baba anachezesha mabega kitini. Byron akaizima.

Akachuchumaa mbele ya Baba. "Baba, niangalie. Mimi ni Byron, mtoto wako wa kwanza. Na huyu ni Emmaculate, bibi yako. Mmeoana miaka hamsini na nne."

Baba akamwangalia Mama. Alimwangalia kwa makini, kwa muda, na mimi, sitaficha, nikaanza kuomba kimoyomoyo. Mama alikuwa ameinua kidevu kama mtu anayepigwa picha.

Baba akasema kwa upole, "Kijana, huyu mama ana umri wa mama yangu mzazi. Tena ni mjane. Si vizuri kumfanyia mzaha." Kisha akainuka, akamwinamia Mama. "Misis Hadley, niwie radhi. Sijui huyu ameingiaje."

"Hakuna neno," Mama akasema. "Kaa chini, nikuletee chai."

Byron akatoka akasimama nje kwenye manyunyu, kando ya gari lake. Nilimfuata na hasira zangu zote.

"Umefurahi sasa?"

"Perez, nyinyi mnamzika mzee akiwa hai."

"Na wewe unakuja mara moja kwa mwezi kama bili ya maji, halafu unatufundisha?"

Aliondoka bila kunywa chai, na matope yake yamebaki kwenye zulia.

4 Aprili

Baba ameuliza kama wale jamaa wameshafika mwezini. Cindy akamwonyesha kwenye simu, picha nyeusi inayotetemeka, mtu akirukaruka kwenye vumbi. Baba amelia kwa furaha. Amepiga makofi mpaka Ngendo akaja kuuliza ni harusi ya nani.

6 Aprili

Ameuliza kama wamefika mwezini. Tumemwonyesha. Amelia tena, machozi yaleyale.

7 Aprili

Mwezini tena. Mimi sasa naudhika na mwezi.

9 Aprili

Leo nimejua jambo ambalo Mama mwenyewe hakulijua kwa zaidi ya miaka hamsini.

Nilikuwa kwenye cherehani nakunja pindo za sketi. Mvua ilikuwa inapiga mabati, wazee wawili wako mezani. Baba akajikohoza kama mtu anayetaka kukopa.

"Misis Hadley, zile stempu za kijani za duka, kama huzihitaji, tafadhali unaweza kunigawia?"

Mama akasema ndiyo, kwa kuwa siku hizi anasema ndiyo kwa kila kitu, kisha akamuuliza za nini. Baba akaeleza. Huko ukinunua vitu dukani wanakupa stempu kulingana na pesa ulizotumia. Unazilamba, unazibandika kwenye vitabu vidogo, na vitabu vikijaa unapeleka mahali fulani unapewa kitu. Wamama wa Ohio wanapata taa, blanketi, hata baiskeli za watoto. Yeye hanunui vya kutosha, mkate na maharagwe ya mkebe vitampa stempu ngapi? Kwa hivyo Jumamosi anasimama nje ya duka, anawabebea wamama mifuko mpaka kwenye magari yao, na wakitaka kumpa peni anakataa, anaomba stempu. Wengine wanamcheka. Mmoja alifunga vioo vya gari alipomwona anakaribia.

"Na unataka kuchukua nini?"

"Pasi," Baba akasema. "Pasi ya umeme. Kuna msichana nyumbani, anasomea ualimu. Ana blauzi moja nyeupe. Anaifua kila jioni na kuipiga pasi ya makaa asubuhi, na ile pasi inamtemea majivu. Huwa anasimama nyuma kabisa kanisani ili watu wasione madoa. Mimi nimeyaona."

Mguu wangu ulisimama kwenye cherehani. Mama alikuwa ameshika kikombe, hanywi, hakiweki chini.

Lazima nieleze pasi hii. Baba alirudi nayo mwaka wa sabini. Walipooana mwaka uliofuata akampa Mama, na kesho yake, Baba akiwa kazini, Mama akaichomeka ukutani hapa hapa Makongeni ili ampigie shati. Ikatoa mlio, ikatoa moshi, na taa za laini nzima zikazimika. Umeme wa Marekani ni nusu ya wetu. Baba aliporudi akasema kosa ni lake, hakufikiria. Kwa miaka yote hiyo Mama amemtania nayo, kwenye harusi za watu, kwenye mikutano ya chama, mbele ya pasta. Digrii ya kemia, na hajui umeme! Alikuwa akisema pia kwamba Baba aliikumbuka zawadi dakika ya mwisho, akaiokota uwanja wa ndege kama mtu anayenunua ndizi dirishani mwa basi. Baba alikuwa akicheka tu. Pasi yenyewe inazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo.

Baba alipokwenda kulala kidogo, Mama akaniambia, "Hakuna mtu nilimwambia juu ya ile blauzi. Hata mama yangu."

Kisha akasema, "Niletee pasi yangu."

12 Aprili

Mama ameisugua pasi kwa majivu na kipande cha gunia mpaka imeng'aa. Mlango wa jikoni nimeuzuia na jiwe.

15 Aprili

Miguu ya Mama imefura mpaka magotini. Hataki hospitali. Anasema akilazwa, Misis Hadley atakuwa amekwenda wapi?

20 Aprili, Pasaka

Nimejaribu kuandika hii tangu mchana.

Cindy alikuja baada ya kanisa. Mvua ilimnyeshea tangu stendi, kwa hivyo aliingia amevua koti, amevaa blauzi nyeupe, nywele amesuka mistari ya kawaida kwa ajili ya Pasaka badala ya zile rasta zake nyekundu. Mimi naishi na mtoto huyu miaka ishirini na sijawahi kuona anavyofanana na Mama. Nadhani ni zile nywele. Alisimama mlangoni anapangusa uso na mkono, akamsalimu babu yake, "Sasa, Guka?"

Baba akainuka. Magoti yake ambayo huwa tunayabembeleza asubuhi nzima yaliinuka yenyewe. Akasema, kwa Kijaluo, lugha ambayo hajaisema tangu Krismasi, "Emmaculate. Umefikaje huku?"

Alilisema jina lote, bila kulikata.

Cindy akanigeukia macho yamemtoka. Mimi nikamwangalia Mama. Mama alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, hatua mbili kutoka kwa Baba, na pasi imo mapajani mwake. Alikuwa amefungua mdomo. Nadhani alikuwa ameshaanza kuitika, maana mtu akiitwa jina lake huitika kabla ya kufikiri. Akaufunga.

"Itika," akamwambia Cindy.

"Dani, mimi siwezi..."

"Itika, mtoto. Anakungoja."

Cindy akaitika. Sauti ilitoka ndogo sana. Baba akamshika mikono yote miwili, akaanza kumuuliza habari za nyumbani, mvua imenyesha, ng'ombe wako vipi, mama yake ameshapona kifua. Cindy hajui Kijaluo cha kutosha. Mama akawa anamnong'oneza majibu kutoka nyuma, neno kwa neno, kifua cha mama yake, ng'ombe aliyezaa, na Cindy anayarudia huku machozi yanamtiririka. Baba akadhani analia kwa furaha. Akamfuta kwa kidole gumba.

Halafu Mama akasema anakwenda kuangalia wali. Wali nilikuwa nimeepua zamani.

Nilimkuta jikoni ameegemea sinki. Nikamwambia, "Mama, pole." Nikamwambia angalau amelisema. Nilisema upuuzi mwingi. Akaniacha nimalize.

"Ameliita vizuri," akasema. "Vile alikuwa anaita zamani. Nilikuwa nimesahau vile linasikika."

Nimekasirika na Pasaka, nimekasirika na mistari ya nywele, nimekasirika na mzee wangu ambaye hana kosa lolote. Sina wa kumpiga.

21 Aprili

Cindy amesuka rasta zake tena. Nyekundu zaidi.

26 Aprili

Mvua kutwa. Nyuma ya maktaba ya umma hapa Thika kumejaa maji. Baba hakumbuki chochote cha Pasaka, lakini ana mawazo. Kutwa anazunguka meza.

Mwishowe akakaa mbele ya Mama. Kumbe amepewa kazi. Kiwanda cha rangi huko Ohio kinamtaka akimaliza masomo, mshahara mzuri, watamshughulikia karatasi. Anaweza kununua gari kwa mwaka mmoja. Petroli ni senti thelathini na nne galoni, alisema, nani atamwuliza anaenda wapi? Jioni anaweza kwenda sinema kwa dola moja na nusu, ingawa kuna sinema moja ambayo bado wanamwangalia vibaya. Na vijana wa mtaa wanachukuliwa vitani kila mwezi, lakini yeye ni mgeni, hawamchukui.

Sisi hatukuwahi kusikia habari za kazi hiyo. Mama naye hakuwahi.

"Misis Hadley," Baba akasema, "ungekuwa wewe ni mimi ungefanya nini? Nikibaki, yule msichana hatanisubiri. Nikirudi, sijui kama huko kuna kazi hata ya kufagia."

Niliacha kushona kabisa. Nilitaka Mama aseme, ni mimi, mjinga wewe, ni mimi hapa. Angelisema, labda siku hiyo lingeingia. Mama akampangusa makombo ya mkate kwenye shati.

"Nenda nyumbani, Jeconia," akasema. "Anakusubiri."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Baba akashusha pumzi, akacheka kidogo. "Basi nitaenda. Wacha kwanza vitabu vijae."

2 Mei

Mama amelazwa. Hakuwa na nguvu za kukataa.

3 Mei

Baba ameuliza Misis Hadley yuko wapi. Nimemwambia amekwenda kumtembelea dada yake. Ameuliza mara nyingi, na kila mara dada yake Misis Hadley anaishi mji mwingine, maana nasahau uongo wangu.

5 Mei

Nilimpeleka Baba hospitali. Byron alikuja kutoka Ruiru, akambeba kwenye ngazi kwa sababu lifti ilikuwa imeharibika. Mama alikuwa na mpira wa oksijeni puani. Baba akavua kofia, akakaa ukingoni mwa kiti kama wapangaji wanavyokaa. Akamwambia apone haraka, chai yangu mimi ni majimaji.

Mama akacheka. Akamshika mkono, akamuuliza, "Vitabu vimejaa?"

"Bado kimoja."

"Chukua stempu zangu zote."

Baba akamshukuru sana. Mama akaendelea kumwangalia, anangoja. Nilijua anangoja nini na Byron naye alijua, nikamwona anageukia ukuta. Baba akasema, "Asante, Misis Hadley."

6 Mei

Mama amefariki alfajiri.

8 Mei

Hema la matanga nje ya nyumba limejaa watu. Chama chote cha kina mama kimekuja, Ngendo amechukua jikoni yangu na hataki niingie. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, watu wananisalimu, nami nasema asante kama mashine.

Baba amekuwa chumbani akiwaangalia watu dirishani. Saa kumi akatoka amevaa koti lake la suti. Akapanga foleni na waombolezaji wengine. Foleni, baba yangu, kumpa mkono mtoto wake. Alipofika kwangu akaushika mkono wangu kwa mikono miwili.

"Nimesikia Misis Hadley ameaga," akasema. "Pole sana, dada. Najua ulimtunza. Alikuwa mama mwema. Nilipougua hakunidai kodi."

Akatia mkono mfukoni, akatoa sarafu ya shilingi ishirini, ile ya mkate, akaiweka kiganjani mwangu na kunifunga vidole. "Ni kidogo. Mimi ni mwanafunzi."

Nilisema asante. Hema zima lilikuwa linalia isipokuwa yeye. Alikuwa na huzuni ya kiasi, ya adabu, ile ya mtu aliyefiwa na jirani, na nilimwonea wivu.

17 Mei

Tumemzika Mama nyumbani, Ugunja. Matope yalikuwa ya kukuvua viatu.

Jeneza liliposhushwa, pasta akasema mume wa marehemu atangulie kutia udongo. Watu wote wakamgeukia Baba. Baba akarudi nyuma hatua moja, ameinua viganja.

"Hapana, hapana," akasema. "Watangulie watu wa familia."

Wajomba wakaanza kunong'onezana. Mmoja akasema kwa sauti huu ni mkosi, mwanamke hawezi kwenda mume hajamtupia udongo. Mwingine akamshika Baba kwapa kumsukuma mbele, Baba akaanza kuogopa, anaangalia uso huu na ule, hakuna anayemjua. Mimi nilikuwa nimekauka. Shajara hii yote, uongo wote niliojifunza, na sikuwa na hata mmoja wa kutumia.

Byron akapita katikati yao. Nikasema moyoni, sasa ndio atamwambia ukweli hapa kaburini na nitamchukia mpaka nife.

Byron akachota udongo, akaumimina kwenye mkono wa Baba. "Bwana Obiero," akasema kwa Kiingereza, taratibu, "huku kwetu ni desturi mpangaji ndiye anaanza. Ndivyo marehemu angependa."

"Kweli?"

"Kweli. Ni heshima."

"Ah," Baba akasema. "Kama ni desturi."

Akasogea, akauachia udongo kwa uangalifu, akainamisha kichwa. Byron alikuwa amemshika kiuno asiteleze. Kaka yangu alikuwa analia mpaka tai yake imeloa, na sauti yake haikuwa imetetemeka hata mara moja.

24 Mei

Nimempigia Byron simu. Tumeongea juu ya bei ya simiti. Kabla ya kukata nimemwambia asante, akasema, "Wacha, Perez."

Nawaza hivi, na sina wa kuniambia kama ni kweli. Tulimjengea Ohio nzuri mno. Mkate wa senti ishirini na mbili, nyimbo nyuma ya redio, mama mwema wa kumwekea chai. Angetoka huko aje wapi? Lakini Byron alimwonyesha mlango wa kutokea na hakuuona. Kwa hivyo sijui. Labda hakukuwa na la kufanya tangu mwanzo, na sisi tulikuwa tunahangaika tu kando yake.

29 Mei

Ngendo amekataa kuchukua pesa za mkate. Amesema atakuwa anamuuzia mzee kwa bei ya Ohio mpaka mmoja wao afe.

8 Juni

Mvua imekwisha. Sasa ni baridi na mawingu, na hakuna jua la kukausha chochote.

Leo asubuhi Baba amenijia kwenye cherehani amekumbatia kifurushi. Ameifunga pasi ya Mama kwa gazeti, akazungushia uzi wangu mweusi mara nyingi mno. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Vitabu vimejaa," akasema. "Nataka kuituma. Kutuma kifurushi mpaka kwa Emmaculate ni pesa ngapi?"

Tangu Machi nimempa mzee huyu bei ya kila kitu. Mkate, maziwa, kinyozi, stempu ya barua senti sita. Huwa nina jibu kabla hajamaliza kuuliza. Leo nilifungua mdomo na hamna kitu. Akaningoja kwa subira, mkono uko mfukoni, anazishika sarafu zake.

"Usitume," nikasema mwishowe. "Niachie mimi. Nitampelekea mwenyewe."

"Unamfahamu?"

"Namfahamu."

Akaniangalia kama anapima kama nitaaminika. Kisha akaniwekea kifurushi mapajani, taratibu, na hakukiachilia mara moja.

"Basi umwambie jambo moja, tafadhali usisahau," akasema. "Umeme wa kwetu una nguvu kuliko wa huku, hii itaungua. Natafuta transfoma ndogo ya kuupunguza. Nimeiona mahali, bado bei yake ni juu, lakini nitaipata. Mwambie asiichomeke. Najua atataka kuichomeka siku hiyo hiyo, namjua. Mwambie anisubiri mpaka nifike."

Nimemwambia nitamwambia.